Kuongeza nguvu ya pikapu: Fedha hurudi lini Kibaha na Kisarawe?

Masika yakishakolea wilayani Kisarawe, mihogo huwa bado iko shambani Maneromango na Mzenga, na wanunuzi huwa wapo Buguruni na Ilala wakiulizana gari litafika lini. Kinachokosekana hapo katikati si mzigo wala soko, bali chombo cha kupita. Kwa jirani zao wa Kibaha tatizo ni jingine. Huko Barabara ya Morogoro inapitika usiku na mchana, na kwa kuwa kila gari linapita, wenye magari hushindana kwa nauli ya mzigo. Anayebeba magunia 15 kwa safari moja humpunguzia bei anayebeba 10, na mteja humfuata.

Ndiyo maana mwenye pikapu wa mkoa wa Pwani, awe wa Maili Moja ya Kibaha au wa Masaki ya Kisarawe, akishalitoa gari bandarini au kulinunua mkononi mwa mtu, hulipeleka kwanza kwa fundi bodi na fundi springi kabla halijabeba hata debe moja. Huongezwa majani ya springi, hujengewa bodi ya chuma, huwekewa keria, bampa la mabomba na tairi kubwa zaidi. Fedha inayoingia hapo si ndogo, na kwa wengi ni ya mkopo au ya mfuko wa familia. Swali lisilopewa muda wa kutosha ni lini fedha hiyo hurudi, na kwa njia ipi.

Jibu hutegemea gari linaelekea upande gani. Kisarawe fedha hurudi kwa kupita siku ambayo wengine wamekwama. Kibaha hurudi kwa mzigo kufika salama na gari kutolala gereji. Kwa pande zote mbili, kuongeza springi ili kubeba mara moja na nusu au mara mbili ya uzito wa kiwandani ndiyo njia inayovutia zaidi, na ndiyo inayolipa kidogo kuliko inavyoonekana.

Tani 1 si magunia 10

Pikapu zinazofanya kazi hii kwa wingi ni Toyota Hilux, inayotengenezwa tangu 1968, na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, uliotoka mwaka 1984. Land Cruiser inayopendwa zaidi na mafundi ni yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, mapafu sita, isiyo na turbo wala umeme mwingi, kwa sababu inaweza kutengenezwa chini ya mwembe. Gari hizi, kwa hesabu ya kiwandani, hubeba tani 1 au zaidi kidogo ya hapo.

Wengi huisoma tani hiyo kuwa ni magunia 10 ya kilo 100. Sivyo. Tani inayotajwa na kiwanda ni tofauti kati ya uzito wa gari tupu na uzito wote ambao gari linaruhusiwa kuwa nao barabarani. Ndani yake wamo dereva, vibarua, na kila chuma kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani.

Hesabu yake si ngumu. Bati la cheka la unene wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 24 kwa kila mita moja ya mraba. Sakafu ya bodi yenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.7 ni mita 4 za mraba, yaani kilo 96 hivi. Kuta za kuzunguka zenye kimo cha sentimita 60 ni karibu mita 5 za mraba, kilo 120 nyingine. Bodi hiyo ikipandishwa juu ya ile ya kiwandani, kama inavyofanywa mara nyingi ili kuikinga isitoboke, gari limeshaongezewa zaidi ya kilo 210 kabla ya kuhesabu engo za kushikilia. Dereva na vibarua wawili wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 210 tena. Bampa la mabomba na keria, tuseme kilo 80 kwa pamoja. Jumla ni nusu tani. Nusu ya uwezo wa gari imekwisha na gunia la kwanza bado liko chini.

Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Sheria ya vipimo imeweka mwisho wa gunia la mazao kuwa kilo 100, na Wakala wa Vipimo amekuwa akipambana na magunia yaliyoshonewa kofia kwa miaka mingi. Lakini mwenye gari anayelipwa kwa gunia hapimi. Anahesabu vichwa. Magunia 10 ya lumbesa yanaweza kuwa na uzito wa magunia 12 au 13, na nauli ikabaki ya magunia 10. Wenye magari wanaolalamika kwamba springi za siku hizi ni laini wangefanya vizuri kuweka gunia moja kwenye mizani kabla ya kumlaumu fundi.

Tabia hii ya kuifanya pikapu kuwa kila kitu ina historia yake. Bajeti ya mwaka 1984/85 ndiyo iliyofungua mlango wa watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi, na pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa kishindo. Dar es Salaam zilifungwa mabenchi mawili na turubai juu, abiria wakakaa wakitazamana kama watu walio mezani, na jina likazaliwa: chai maharage. Gari lilelile asubuhi lilibeba watu, mchana mihogo, jioni mbao. Kibaha yenyewe wakati huo ilikuwa na kiwanda cha TAMCO, kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania, ambako uzito wa kila ekseli ulikuwa umeshapigiwa hesabu na wahandisi kabla ya bolti ya kwanza kukazwa. Nje ya ukuta, gereji za mitaani zilikuwa zikipiga hesabu hiyo kwa macho. Bado zinapiga hivyo.

Springi haiongezi kitu kingine

Fundi springi akiongeza majani matatu, gari haliinami tena nyuma. Mwenye gari hulitazama likiwa limebeba magunia 15, likiwa limesimama sawasawa, akaridhika. Kilichobadilika ni springi peke yake. Nyumba ya difu ni ileile, beringi za magurudumu ni zilezile, chesisi ni ileile, na breki ni zilezile. Kuinama kwa gari kulikuwa ni taarifa kwa dereva kwamba mzigo umezidi. Taarifa imeondolewa, mzigo umebaki.

Jambo linalojulikana na wachache zaidi liko kwenye breki. Chini ya Hilux na Land Cruiser nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna fimbo nyembamba ya chuma iliyounganishwa na valvu ya breki. Kazi yake ni kupima nyuma ya gari imeshuka kiasi gani. Nyuma ikishuka, valvu huelewa kwamba kuna mzigo na kuziruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Nyuma ikiwa juu, valvu huelewa kwamba gari ni tupu na kuzipunguzia nguvu, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari likazunguka. Majani matatu yakiongezwa, nyuma hupanda na kubaki juu hata likiwa na tani 1 na nusu mgongoni. Valvu hudanganyika. Gari lililobeba kupita kiasi linafunga breki kana kwamba ni tupu, na kazi yote inaangukia breki za mbele.

Mtu anaweza kutembea hivyo kwa miezi akiwa tambarare bila kuona tofauti, isipokuwa pedi za mbele zinazokwisha haraka. Tofauti huonekana kwenye miteremko ya Pugu, gari linaposhuka kutoka Kisarawe kuelekea Gongo la Mboto, au kwenye njia nane za Kimara hadi Kibaha, ambako mwendo ni mkubwa na daladala husimama bila taarifa. Nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari hukua sambamba na uzito wake; gari lililozidi uzito mara moja na nusu linazitaka breki zifanye kazi mara moja na nusu kwa mwendo uleule. Dawa ya fimbo ile ni kuirekebisha upya kila springi zinapoguswa, kazi isiyozidi saa chache kwa fundi anayeifahamu. Kuikata au kuifunga kwa waya, kama inavyofanywa na baadhi ya gereji, ni kuhamisha hatari kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Kwa anayetaka nyuma ipate msaada bila kuharibu mengine, liko jani la msaada, linalokaa juu ya majani ya kawaida na kugusa pale tu mzigo unapofika. Gari tupu hubaki laini, gari lililobeba hupata nguvu. Ni tofauti na kukaza seti nzima, na bei yake kwa kawaida ni ndogo.

Kuongeza urefu wa bodi nako kuna bei yake. Kilo 500 zilizowekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 3 kati ya ekseli na ekseli, huinyanyua mbele kwa karibu kilo 167, na ekseli ya nyuma hubeba kilo 667 badala ya 500. Usukani huwa mwepesi, gari husita kukata kona, na dereva husema limekuwa zuri. Aidha, bodi mpya ikishikizwa kwa kuchomelea moja kwa moja kwenye ukingo wa juu au wa chini wa chesisi, moto hulainisha chuma mahali hapo na ufa huanzia hapo baada ya muda. Bodi hufungwa kwa bolti au kwa u-bolti, na tundu likilazimu kutobolewa hutobolewa kwenye ubavu wa chesisi.

Kibaha: mayai, saruji na maji

Mizigo ya Kibaha ni ya aina nyingi, na kila mmoja unataka gari lake. Mwenye kusafirisha mayai kutoka mabanda ya kuku ya Kibaha kwenda Dar es Salaam hana shida ya uzito hata kidogo. Trei moja ya mayai 30 haizidi kilo 2 hivi. Trei 300 ni kilo 600. Anachopoteza ni mayai yanayopasuka. Huyu akiongeza majani ya springi amejiongezea hasara, kwa kuwa springi ngumu inayopita kwenye tuta ikiwa na mzigo mwepesi huurusha juu. Fedha yake ingefaa zaidi kwenye shokapu mpya, springi za kiwandani zilizo hai, rafu za mbao za kuzuia trei zisiegemeane, na turubai linalopitisha hewa. Matengenezo ya gari lake ni kazi ya seremala kuliko ya mhunzi.

Mwenye saruji yuko upande wa pili. Mfuko ni kilo 50 na haudanganyi: mifuko 20 ni tani 1 kamili. Mzigo huu ni mdogo kwa umbo na mzito, kwa hiyo macho humshawishi mpakiaji kuongeza, maana bodi bado ina nafasi. Kwake jambo la kwanza ni alama ndani ya bodi inayoonyesha mwisho wa mifuko, na la pili ni kuupanga mzigo mbele ya ekseli ya nyuma.

Biashara ya maji ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Mitaa mipya inayozidi kujengwa kati ya Kibaha na Mlandizi hununua maji ya gari wakati wa kiangazi, na pikapu yenye tangi la plastiki imekuwa boza la mtaani. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2, bila uzito wa tangi, pampu na fremu ya kulishikilia. Hakuna Hilux iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, iwe imeongezwa majani mangapi. Likijaa nusu ndiyo huwa na hatari nyingine, kwa sababu maji hukimbilia upande wa kona na kulisukuma gari. Kwa pikapu ya tani 1, tangi la lita 800 lenye vizuizi ndani, lililofungwa chini na mbele ya ekseli, ndilo linaloacha nafasi ya dereva, pampu na fremu. Kama wateja wanataka lita 2,000 kwa safari, hiyo ni kazi ya Kenta.

Na hapa ndipo mwekezaji mdogo anapotakiwa kusimama kidogo. Mitsubishi Canter na wenzake wana magurudumu mawili mawili nyuma, chesisi ya ngazi nene na breki za uzito huo. Mtu ambaye mzigo wake wa kila siku ni tani 2 na zaidi, na njia yake ni lami, hana sababu ya kibiashara ya kuijenga upya pikapu. Anaijenga kwa sababu tayari anayo, au kwa sababu Jumapili anataka kwenda nayo harusini. Sababu zote mbili zinaeleweka, lakini si za kuandikwa kwenye maombi ya mkopo.

Hesabu ya magunia matano

Tuchukue mfano, na msomaji aweke bei zake mahali pa hizi. Mwenye Hilux anabeba magunia 10 kwa safari, nauli Sh 5,000 kwa gunia, safari nne kwa wiki. Anatumia Sh 3,600,000 kwa springi, bodi na kuimarisha chesisi, sasa anabeba magunia 15. Magunia matano ya ziada ni Sh 25,000 kwa safari, Sh 100,000 kwa wiki. Kwa hesabu ya kwenye karatasi ya fundi, fedha imerudi kwa wiki 36.

Sasa tuweke gharama ambazo karatasi ile haina. Gari likinywa lita 2 zaidi za dizeli kwa safari, kwa Sh 3,000 kwa lita, ni Sh 24,000 kwa wiki. Zinabaki Sh 76,000. Kwa wiki 48 za kazi ni Sh 3,648,000 kwa mwaka. Tairi nne za Sh 350,000 kila moja, zilizokuwa zikidumu mwaka mzima, zikianza kwisha kwa miezi minane, gharama ya mwaka hupanda kutoka Sh 1,400,000 hadi Sh 2,100,000. Ondoa Sh 700,000. Beringi, shokapu, bushi na pedi za breki za ziada, tuseme Sh 600,000. Kinachobaki ni Sh 2,348,000 kwa mwaka. Wiki 36 zimekuwa miezi 18 na zaidi kidogo, kabla ya riba, na kabla ya siku hata moja ya gari kukatika ekseli ya nyuma msimu wa embe ukiwa umepamba moto. Likilala gereji wiki mbili, kinachopotea si zile Sh 100,000 za ziada bali mapato yote, Sh 300,000 kwa wiki.

Haisemwi hapa kwamba faida haipo. Ipo, lakini ni ya miezi 18, na mkopo wa biashara ndogo mara nyingi unatakiwa kulipwa ndani ya mwaka. Anayekopa kwa kuamini wiki 36 atakuta tarehe ya marejesho imefika na fedha bado iko kwenye tairi.

Kisarawe: biashara ya kupita

Kutoka Mlandizi kuna barabara inayokwenda Mzenga hadi Maneromango, na kutoka Maneromango mtu hurudi Kisarawe mjini na kushuka Pugu. Kwa mfanyabiashara wa mihogo, embe au machungwa, njia hizo mbili ni kama masoko mawili. Mzigo wa Mzenga ukitokea Mlandizi hukuta Barabara ya Morogoro na kuelekea Mabibo. Ukitokea Kisarawe hushukia Buguruni au Temeke. Mwenye gari linalopita kote anauliza bei kwa simu asubuhi na kuchagua. Mwenye gari linalopita upande mmoja anapokea bei anayopewa.

Udongo wa huko ni wa aina mbili zinazosumbua kwa namna tofauti: mchanga mwingi kwenye miinuko, na mfinyanzi mzito mabondeni ambao mvua ya Machi hadi Mei huufanya sabuni. Gari linalovuta magurudumu manne lina faida huko, lakini nusu ya faida hiyo iko kwenye tairi. Tairi yenye meno makubwa hutema tope. Ile ya lami hujaa na kuwa kama mpira wa mfinyanzi. Kwenye mchanga dawa ni ya bei ndogo kuliko zote: kupunguza upepo ili tairi itandike, kisha kuujaza tena lami inapoanza. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha. Madereva wengi hawaibebi, na wapo wanaokwama saa mbili kwa kukosa kifaa kinachoingia chini ya kiti.

Anayenunua tairi, mpya au za mtumba, asome ubavuni mambo mawili. La kwanza ni namba ya uzito: 100 maana yake tairi moja inabeba kilo 800, 108 ni kilo 1,000, 112 ni kilo 1,120, na 116 ni kilo 1,250. Tairi pana yenye sura ya kutisha inaweza kuwa na namba ndogo kuliko ile nyembamba iliyotoka nayo kiwandani. La pili ni tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa sana hupasuka ikiwa na meno yake yote.

Winchi ina nafasi yake, ingawa si kwa kila mtu. Ya umeme huvuta nguvu nyingi kutoka kwenye betri, kwa hiyo betri na oltaneta viwe vizima, injini ikiwa inaunguruma. Ya mkono ni ya polepole na haihitaji kitu chochote isipokuwa jasho. Zote zinataka mahali pa kufungia, ambapo Kisarawe kwa kawaida ni mwembe au mkorosho wa mtu. Mkanda mpana hauumizi gome la mti. Waya hulikata, na mwenye shamba akifika hesabu ya safari hubadilika. Mkonga wa kupandisha hewa juu husaidia pale tu maji yanapofika kwenye boneti, na dereva mwenye akili huwa ameshageuza kabla ya hapo.

Hesabu yake ni hii. Tuseme masika ni wiki 10, na gari la kawaida hukosa safari tatu kati ya nne kila wiki. Gari lenye tairi za tope, pampu, mkanda na winchi ya mkono hukosa moja. Hizo ni safari mbili za ziada kwa wiki, 20 kwa msimu, kila moja ikiwa na magunia 10 tu ya uzito wa halali. Nauli ya masika ikiwa Sh 8,000 kwa gunia, kwa kuwa magari ni machache, mapato ya ziada ni Sh 1,600,000 kabla ya dizeli. Vifaa vyote hivyo vinaweza kugharimu chini ya ile Sh 3,600,000 ya springi na bodi, na ekseli haijaguswa. Kwa anayenunua mihogo mwenyewe na kuiuza, badala ya kubeba ya watu kwa nauli, tofauti ni kubwa zaidi, maana bei ya sokoni hupanda siku zilezile ambazo wenzake hawajafika.

Mkaa ni habari nyingine. Ni mwepesi kwa umbo lake, hupakiwa juu hadi gari linayumba, na hausafirishwi bila hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni ya hifadhi. Anayejenga kuta za juu za bodi kwa ajili ya mkaa ajue kwamba kizuizi cha kwanza hakitaangalia springi.

Kadi, bima na mizani

Maelezo ya gari yaliyomo kwenye kadi yakibadilika, kama vile injini, rangi au aina ya bodi, mwenye gari anatakiwa kuijulisha TRA ili kadi irekebishwe. Wengi hawafanyi mpaka siku ya kuuza, ambapo mnunuzi hulinganisha namba ya injini na kadi na kuanza kupunguza bei. Aliyeng'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli bila kubadili kadi amefanya kazi nzuri ambayo haitalipwa sokoni.

Bima nayo hukatwa kwa gari lililoelezwa kwenye fomu. Kampuni isiyoambiwa kwamba gari limerefushwa bodi au limefungwa tangi ina sababu ya kubishana siku ya ajali, na gari likikutwa limebeba tani 2 kwa uwezo wa tani 1, ubishi huo unakuwa mrefu. Vibarua waliokaa juu ya magunia ndio walio katika hali mbaya zaidi, kwa ajali na kwa bima.

Kuhusu mizani, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inayataka magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia tani 3.5 yapimwe. Pikapu ya tani 1 kwa hesabu ya kiwandani iko chini ya mstari huo. Land Cruiser tupu ya tani 2, ikiongezwa bodi, watu na mzigo wa tani 2, inafika tani 4 na nusu. Anayevuka Mlandizi kwenda Chalinze na zaidi atakutana na mizani ya Vigwaza, na hapo hadithi ya kwamba hii ni pikapu tu haina mnunuzi.

Lipo jambo moja la kuangalia kabla ya kuweka fedha nyingi kwenye tope. Lami ya kutoka Kisarawe kuelekea Maneromango imekuwa ikisogezwa kipande kwa kipande. Kila kilomita inayokamilika humpunguzia mwenye tairi za tope siku za kuwa peke yake sokoni, na kumrudisha kwenye ushindani wa nauli kama ule wa Kibaha. Tairi, pampu na winchi ya mkono vinaweza kufunguliwa na kuuzwa kwa mtu wa Mafizi au wa Rufiji. Bodi iliyochomelewa haifunguliki.